Milio Mitano

Jumapili, 4 Julai 1858

Mvua tangu Alhamisi. Nyasi za konde la chini zimelala kama nywele za mgonjwa. Jacob Teasdale, jirani anayetufyekea kila mwaka, alikuja akasimama mlangoni, akatazama juu, akasema "Mh," akarudi kwake.

Jana ilifika barua ya Baba mdogo Ralph kutoka Marekani. Shangazi Keziah alitusomea baada ya chai, kama ilivyo desturi ya nyumba hii. Baba alikaa kitini uso ameuelekeza kwenye moto, ingawa moto hauoni. Haoni chochote tangu nilipokuwa na miaka kumi na sita. Ralph hajambo, na watoto wake ni wanne sasa. Anaomba tumwandikie historia ya ukoo tangu babu alipofika bonde hili, ili wanawe wajue wametoka kwa watu gani.

Baba alipiga goti lake kwa furaha. "Haya, Thomasin, kazi hiyo ni yako. Mimi nitasema, wewe utaandika. Keziah anaandika kama kuku anayetafuta punje."

"Kuku huyo ndiye anayekupikia uji," Shangazi akajibu.

Nimepata madaftari mawili. Moja ni la ukoo. Hili ni langu.

Jumanne, 6 Julai

Mvua. Tumeanza.

Babu yangu Lancelot Raine alipanda huku akiwa na mke, ng'ombe mmoja na nyundo. Wenye mgodi wa Greylaw walimruhusu mchimbaji yeyote akate kipande cha nyika awe mkulima, mradi akizungushie ukuta mwenyewe. Basi mchana alichimba madini ya risasi chini ya kilima, jioni aling'oa mawe juu yake. Ukuta wa konde la juu ulimla miaka tisa. Bibi ndiye aliyekuwa akimbebea mawe. Siku moja aliweka jiwe chini, akaingia ndani, akamzaa Baba, na siku ya tatu akarudi kulichukua jiwe lake.

"Andika hivyo hivyo," Baba akasema. "Watoto wa Ralph wajue walitoka tumbo la nani."

Babu alikufa na miaka arobaini na mitatu, kifua kimejaa vumbi la mwamba. Ndugu yake alikufa na arobaini na mmoja. Baba ana hamsini na miwili.

"Mimi ndiye Raine wa kwanza kuvuka hamsini," akasema. "Baruti iliniondoa shimoni kabla vumbi halijanimaliza." Akacheka. Shangazi hakucheka.

Jumatano, 7 Julai

Mvua.

Alhamisi, 8 Julai

Mvua. Ng'ombe mweupe anachechemea.

Jumamosi, 10 Julai

Jua nusu siku. Jacob amefyeka konde la chini. Tumegeuza nyasi hadi mikono ikatoka malengelenge. Baba naye anafanya kazi: anaufuata ukuta kwa mkono wa kushoto, wa kulia una reki. Watu wakipita barabarani husimama kumtazama, kisha huvua kofia, ingawa haoni kofia zao. Najivuna ninapoliona hilo.

Jumapili, 11 Julai

Kanisani. Baba aliongoza wimbo wa pili, beti zote kwa moyo. Sauti yake bado inajaza kuta.

Dinah Coates alikaa mahali pake, benchi la nyuma kabisa karibu na mlango, peke yake. Nilimpita kama ninavyompita kila Jumapili kwa miaka kumi na moja, mkono wa Baba ukiwa juu ya mkono wangu, macho yangu yakitazama mbele. Mumewe Anthony alikuwa mshirika wa Baba mgodini. Ndiye aliyempofusha.

Jumatano, 14 Julai

Mvua tena, nyasi za Jumamosi zimelowa zote. Leo tumefika kwenye ajali. Nimeiandika kwa usafi katika daftari la ukoo, nami naiandika hapa kwa ufupi kama Baba alivyoisema.

Ilikuwa Julai, mwaka 1847. Baba, Ralph na Anthony Coates walikuwa wakichimba pamoja. Asubuhi ile zamu ilikuwa ya Ralph. Alitoboa matundu sita kwenye mwamba, akayajaza baruti, akawasha tambi, akatoka. Baba na Anthony walikuwa wakingoja nje kwenye mlango wa mgodi waingie moshi ukitulia. Tundu moja liligoma, halikulipuka. Hutokea. Sheria ni kungoja saa nzima kabla mtu hajaingia, maana utambi unaweza kuwa bado unatambaa, kisha mtu alitafute tundu lile, asiliguse. Ralph aliwaambia wazi: milio ni mitano, si sita. Kisha akateremka kondeni, kwa kuwa jua lilikuwa limetoka baada ya wiki mbili za mvua.

"Anthony alikuwa amelewa," Baba akasema. "Alinuka pombe tangu mlangoni. Nikamwambia ngoja, akacheka. Akaingia, nikamfuata kumrudisha. Akapiga mtaimbo palepale kwenye tundu lililogoma. Yeye akafa. Mimi nikabaki hivi."

Kalamu yangu ilikwenda vizuri. Hadithi hii naijua kama Baba Yetu.

Kwa sababu ya pombe ile kanisa lilifuta jina la Anthony. Chama cha mazishi kilikataa kumzika. Dinah alitolewa katika nyumba ya mgodi, akahamia kibanda cha juu ambako hata kondoo hawapendi kulala.

Shangazi alikuwa akikanda mkate wakati wote ule. Alikanda muda mrefu mno.

Ijumaa, 16 Julai

Sikulala vizuri. Kuandika jina la Coates kumeniletea Edmund.

Alikuwa mtoto wao wa pekee. Miaka mitano iliyopita aliniomba, hapo nje kwenye lango la konde la juu, kofia mkononi. Nilikuwa nimempenda tangu shuleni na yeye alijua. Baba alikuwa amekwisha kunifundisha jibu, nami nikalisema bila kukosea neno: "Siolewi na mtoto wa mlevi aliyempofusha baba yangu." Edmund alivaa kofia yake. Mwezi huohuo aliondoka kwenda migodi ya makaa upande wa mashariki. Sasa ana mke na binti wawili.

Sijuti. Mtu anaye baba mmoja tu.

Jumatatu, 19 Julai

Jua! Konde la chini limekauka, tumeingiza mizigo kumi na minne ghalani.

Jumanne, 20 Julai

Jua. Sina nguvu ya kuandika.

Jumanne, 27 Julai

Mvua imerudi tangu Jumamosi. Nyumba nzima inanuka sufu mbichi.

Shangazi alikwenda kwa jirani aliyejifungua, Baba amelala kitini. Daftari la ukoo lilibakiwa na ukurasa mmoja, watoto wa Ralph na tarehe zao. Shangazi alikuwa amenitajia majina tu: Lancelot, Ruth, Hester na Cuthbert mdogo. Nikaona nisimsumbue, nikafungua sanduku lake la barua nitafute tarehe mwenyewe.

Hakuna Lancelot. Nilisoma mara tatu. Katika barua ya mwaka 1850 Ralph ameandika: "Mungu ametupa mtoto wa kiume, nami nimempa jina Anthony. Wewe unajua kwa nini."

Nikaanza na barua ya kwanza kabisa, ya mwaka 1848. Nainakili hapa, nisije nikaambiwa kwamba niliota.

"Kaka Cuthbert, nilishindwa kukuambia uso kwa uso, sasa kuna bahari kati yetu nami naweza. Nilijaza matundu sita. Nilihesabu milio mitano. Jua lilikuwa limetoka na nyasi zilikuwa zikiningoja, na ningesema mitano ningelazimika kukaa nanyi saa nzima nyingine na kurudi ndani kulitafuta tundu. Anthony aliniuliza, 'Yote?' Nikamwambia, 'Yote sita.' Aliingia kwa neno langu. Naye hakuwa amelewa, Cuthbert. Ulipowaambia wazee kwamba alikuwa amelewa nilisimama miguuni pa kitanda chako nikanyamaza, nikifikiri homa inasema. Mwambie Dinah ukweli. Au nipe ruhusa nimwandikie mimi."

Zipo barua ishirini na mbili. Kila moja baada ya hiyo inaishia na swali lilelile: Je, Dinah ameambiwa? Ile ya mwezi huu, ambayo Shangazi alitusomea nami nikiwepo, nikila mkate na jamu, inasema: "Tuandikie historia ya ukoo, lakini usiwaandikie wanangu uongo juu ya Anthony Coates. Na je, Dinah ameambiwa?"

Shangazi aliiruka sentensi hiyo bila hata kuvuta pumzi.

Nimezirudisha zote sandukuni. Ile ya kwanza nimeificha chini ya godoro langu.

Jumatano, 28 Julai

Mvua.

Alhamisi, 29 Julai

Nimemtazama Shangazi siku mbili kama mgeni aliyeingia na nguo za Shangazi. Ndiye aliyenilea tangu mama alipokufa. Ndiye aliyenifundisha kusoma, kwa kidole chake juu ya Zaburi. Mwanamke huyu amemdanganya kipofu kwa miaka kumi, kipofu ambaye ni kaka yake, huku akimmiminia chai.

Na Baba, maskini, aliyetupwa gizani na ndugu mmoja na kufungiwa humo na mwingine! Asubuhi nilimpakia siagi mara mbili. "Leo una nini?" akaniuliza. "Unanilisha kama mgonjwa."

Jumapili, 1 Agosti

Kanisani. Nilimpita Dinah. Miguu yangu haikutaka, lakini mkono wa Baba ulikuwa juu ya wangu.

Jumatano, 4 Agosti

Jua kidogo. Nyasi za konde la kati zimegeuzwa, zikalowa, zikageuzwa.

Jumamosi, 7 Agosti

Nimeshindwa kunyamaza. Shangazi alikuwa anasukasuka maziwa kwenye pipa la siagi. Nikaiweka barua juu ya meza, mbele yake.

Hakushtuka. Aliendelea kuzungusha mkono wa pipa. "Nilijua siku utakapohitaji tarehe itakuwa hivi," akasema. "Nilipaswa kukutajia tarehe."

"Hilo ndilo unalojutia?"

"Punguza sauti, mwanangu."

"Usiniite mwanangu! Umemsomea Baba uongo miaka kumi. Unamruka ndugu yako mwenyewe katikati ya sentensi, kisha unakuja mezani kushukuru chakula!"

Mkono wake ukasimama. Nilimwona mzee ghafla, macho mekundu pembeni. "Mimi nasoma ninachoruhusiwa kusoma, Thomasin."

"Na nani?"

"Muulize baba yako."

"Baba hajui!"

"Muulize," akasema, akaanza tena kuzungusha pipa. Siagi ilikuwa imekwisha kushika zamani. Alikuwa akizungusha tu.

Jumapili, 8 Agosti

Nimesema naumwa kichwa. Baba alikwenda kanisani na Shangazi.

Jumatatu, 9 Agosti

Mvua.

Ijumaa, 13 Agosti

Mvua. Kila asubuhi nasema leo nitamuuliza. Kila asubuhi anasema, "Thomasin, umelala salama?"

Jumamosi, 14 Agosti

Jua kali tangu alfajiri. Watu wote wa bonde wako makondeni, unasikia vinolea vikilia kwenye makali ya mundu kuanzia kilima hiki hadi kile. Tulikuwa konde la juu, mimi na Baba, karibu na ukuta wa babu. Saa sita alikaa kivulini nikampa mkate na jibini. Nikamsomea barua ya kwanza. Sikumtayarisha. Niliogopa nikimtayarisha nitaacha.

Alitafuna mpaka nilipomaliza. Kisha akafuta makombo mdomoni.

"Keziah alinisomea hiyo," akasema. "Mwaka ilipofika. Aliisoma yote. Nikamwambia asinisomee tena maneno hayo, wala asimsomee mtu mwingine yeyote."

Nilidhani nimesikia vibaya. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Ulijua Baba mdogo ndiye aliyewaambia sita? Na bado ukaniandikisha mwezi uliopita, kwa mkono wangu, kwamba aliwaambia mitano?"

"Ralph alikuwa na miaka ishirini na minne. Watu wangemrarua. Na konde hili, unadhani wenye mgodi wangetuachia konde hili, mmoja kipofu na mwingine muuaji?"

"Kwa hiyo ukampa Anthony pombe."

"Walikuja wakati nina bandeji usoni," akasema. "Msimamizi wa mgodi na wazee wa kanisa. Waliuliza ilikuwaje. Neno lilinitoka tu. Likishatoka, kila aliyeingia alikuwa ameshalisikia. Nikawa sina pa kulirudisha."

Tulikaa. Jacob aliimba mahali fulani chini yetu. Ningeweza kuinuka hapo nikaondoka na ukweli wa kiasi hicho, lakini nilikuwa nimemtazama usoni, na uso wa kipofu haujui kujificha.

"Kuna lingine," nikasema.

Mkono wake ulikuwa ukipapasa mawe ya ukuta, jiwe baada ya jiwe.

"Mimi pia nilikuwa nimesimama pale mlangoni. Nina masikio. Nilihesabu mitano."

"Baba."

"Ralph aliposema sita nikajiambia labda miwili imelia pamoja. Hulia pamoja wakati mwingine. Na jua lilikuwa limetoka, nyasi ziko chini, nilitaka zamu iishe. Anthony alinigeukia akaniuliza, 'Nawe umesikia sita, Cuthbert?' Nikamwambia, 'Ingia, bwana, tunapoteza siku.'"

Kisha akasema, kwa sauti yake ya kawaida kabisa ya kondeni: "Geuza zile za upande wa lango, zitaungua."

Nikaenda nikazigeuza. Ndilo jambo nisiloelewa mpaka sasa ninapoandika. Nilichukua reki nikaenda nikazigeuza. Nilipofika langoni, mahali alipokuwa amesimama Edmund na kofia yake, ndipo nilipoiweka reki chini.

Jumapili, 15 Agosti

Sikwenda kanisani.

Jumatatu, 16 Agosti

Jua. Mizigo tisa.

Jumanne, 17 Agosti

Jua. Mizigo kumi na mmoja. Nafanya kazi kama punda ili nisifikiri. Shangazi aliniwekea mkono begani, nikautoa, kisha nikaona aibu. Naye alifungwa mdomo kabla yangu. Nilidhani yeye ndiye mlango wa jela, kumbe naye yumo ndani. Lakini alikuwa na miaka kumi ya kupiga kelele, na hakupiga.

Alhamisi, 19 Agosti

Nimepanda kwa Dinah Coates.

Alikuwa anamkata mbuzi kwato nje ya kibanda. Hakuniambia karibu wala nenda. Nikasimama nikamsomea barua, nikamwambia na lile alilokiri Baba pale ukutani, nikilia. Yeye hakulia. Alimaliza kwato, akamwachia mbuzi.

"Unadhani sikujua?" akasema. "Mume wangu alinibusu alfajiri ile kabla hajatoka. Alinuka uji. Hakuwa amegusa pombe tangu Edmund azaliwe. Nilimwambia kila mtu. Niliwaambia mlangoni mwa kanisa, mvua ikininyeshea. Nani angemsikiliza mjane wa mlevi mbele ya Cuthbert Raine mwenye bandeji?"

"Mama Edmund, nisamehe."

"Kwa lipi? Una mengi."

Alinitazama kwa macho makavu.

"Edmund aliniambia ulichomwambia pale langoni," akasema. "Neno kwa neno. Alikuwa akilirudia wakati anafunga mzigo wake, kama anayejifunza shairi."

Nilimwomba aichukue barua. Akatikisa kichwa.

"Usiniletee ukweli jikoni kwangu kama bakuli la supu. Wao walimtukana Anthony kanisani, mbele ya watu. Nendeni mkaseme kanisani, mbele ya watu haohao. Baada ya hapo tutaona kama nina la kukuambia."

Ijumaa, 20 Agosti

Nimemwambia Baba alichosema Dinah. Jumapili, tarehe tano Septemba, ni Karamu ya Upendo, ambapo mkate na maji huzungushwa na kila mwenye ushuhuda husimama akaueleza. Nimemwambia: sema wewe, Baba, kwa kinywa chako. Nitakushika mkono.

Alivuta pumzi. "Nitasema," akasema.

"Kweli?"

"Nimechoka, Thomasin. Nitasema."

Nilimbusu kwenye paji la uso. Kwa mara ya kwanza tangu Julai nimekula nikashiba.

Jumapili, 22 Agosti

Mvua, na sijali.

Jumamosi, 28 Agosti

Baba ni mpole wiki hii. Amekuwa akifanya mazoezi ya maneno ghalani peke yake, nimemsikia akinong'ona. Shangazi amepiga pasi shati lake jeupe mapema hivi.

Jumapili, 5 Septemba

Nimerudi. Nitaandika yote sasa hivi.

Kanisa lilijaa hadi ngazi. Nilikuwa nimemtumia Dinah ujumbe, naye alikuwepo kwenye benchi lake, na kofia nyeusi iliyopigwa brashi. Mkate ulipita, maji yakapita. Mzee Featherstone, kiongozi wa kanisa, akauliza nani ana neno. Baba akasimama. Nikamshika mkono. Ulikuwa mkavu na mtulivu, na hapo ndipo nilipaswa kujua.

"Ndugu zangu," akasema, na kanisa lote likanyamaza kwa heshima, "miaka kumi na moja iliyopita Bwana alinitoa macho ya mwili ili anipe macho ya roho. Niliingia gizani kwa kosa la mtu mwingine, nami nimemsamehe. Nimemsamehe kabisa. Namwombea mjane wake."

"Amina," wakasema. Wanawake wawili walilia. Mzee Featherstone alijifuta macho.

Amemsamehe! Haya ndiyo aliyokuwa akiyafanyia mazoezi ghalani. Nilimwangalia Dinah. Alikuwa ameinua kofia yake kutoka gotini, ameanza kuinuka aende zake.

Nikauachia mkono wa Baba. Nikasema, "Mama Edmund, kaa, tafadhali," kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, na vichwa vyote vikageuka. Nikaitoa barua nikaisoma. Sauti ilinitetemeka mpaka "milio mitano," kisha ikanyooka. Mzee Featherstone alisema, "Binti, si mahali pake," nikamwambia, "Ni mahali pake hasa, mzee, hapa ndipo mlipolifuta jina lake," nikaendelea. Nilisema na lile ambalo halimo katika barua: kwamba Baba naye alihesabu, na kwamba alimwambia Anthony ingia. Nikasema mwenyewe nilichomfanyia Edmund.

Nilipomaliza hakuna aliyesema amina.

"Cuthbert," Mzee Featherstone akasema taratibu, "haya ni kweli?"

Baba alikuwa bado amesimama. Kisha akanyoosha mikono akaanza kutoka, akipapasa migongo ya mabenchi. Watu walimpisha. Mmoja mmoja walivuta mikono yao ili asiiguse. Kuanzia mbele hadi mlangoni ni mabenchi kumi na sita, na hakuna aliyemshika. Mimi pia sikumshika. Kwenye benchi la mwisho mkono wake uligusa bega la Dinah, naye hakujua ni bega la nani, akasema, "Samahani," akapita.

Ndilo neno pekee alilompa, na alimpa kwa bahati mbaya.

Shangazi ndiye aliyeinuka kumfuata.

Nje Dinah alinipita kwanza, kisha akarudi hatua mbili. "Nitamwandikia Edmund leo," akasema. "Nitamwambia umesoma kwa sauti."

Jumatatu, 6 Septemba

Jua. Hakuna aliyekuja kutusaidia isipokuwa Jacob. Alifyeka bila kuimba.

Alhamisi, 9 Septemba

Wazee wamekutana. Jina la Anthony Coates limerudishwa kitabuni. Baba ameondolewa kwenye uongozi wa nyimbo. Hakuuliza walichoamua, Shangazi ndiye aliyemwambia. Akasema, "Kuna ukungu leo? Nasikia baridi."

Hatujasemezana yeye na mimi isipokuwa chumvi na chai.

Jumamosi, 11 Septemba

Mzigo wa mwisho umeingia ghalani. Kwa kawaida siku hii tunaimba. Nimemwambia Shangazi kwamba Novemba, siku za kuajiriwa zikifika, nateremka mjini kutafuta kazi ya jikoni. Alikunja aproni yake mara nne. "Nani atakayemsomea?" akauliza. "Macho yangu yanakwisha, Thomasin." Nikamwambia sijui. Katika daftari la ukoo nimechana ukurasa wa ajali nikauandika upya, nikaweka sahihi yangu chini yake.

Jumanne, 14 Septemba

Mvua, na safari hii haimdhuru mtu.

Baba aliniita baada ya uji. "Kuna barua ya kumjibu Ralph," akasema. "Andika."

Nilikaa mezani. Akasema polepole kama anavyosema siku zote: kwamba nyasi zimeingia, zilichelewa lakini zimeingia. Kwamba ng'ombe mweupe amepona mguu. Kwamba Keziah anamsalimu. Kwamba majira yalikuwa mabaya. Basi.

"Ni hayo tu?" nikauliza.

"Ni hayo."

Niliandika kila neno lake kama alivyolisema. Chini yake niliandika langu, na jina langu.

"Nisomee," akasema.

Nikamsomea nyasi, ng'ombe, Keziah na majira. Kisha nikasoma langu: "Baba mdogo, Dinah ameambiwa. Ameambiwa kanisani, mbele ya watu wote. Historia ya ukoo itakufikia pamoja na barua hii, na yaliyoandikwa humo kuhusu Anthony ni kweli. Thomasin."

Alinyoosha mkono nikampa karatasi, akapitisha vidole juu ya mistari, kutoka juu hadi chini, kana kwamba imechongwa.

"Umeandika nini kingine?"

"Hakuna kingine, Baba."

"Keziah! Njoo uitazame."

Shangazi alikuwa anakausha sahani. Hakugeuka. "Macho yangu yamechoka, Cuthbert."

Akakaa na karatasi mikononi. Aliikunja, akaikunjua, akaielekeza kwangu, lakini hakuiachia.

"Nitajuaje?" akasema. "Thomasin, mimi nitajuaje ulichoandika?"

Nikaichukua vidoleni mwake, nikaitia kwenye bahasha, nikaifunga.